Kufunga kwa Vipindi na Msaada wa Wenzi

Kufunga kwa vipindi ni utaratibu wa kula unaogawa siku, au wiki, katika saa za kula na saa za kukaa bila chakula. Hautoi orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha. Unachopanga kwanza ni wakati. Katika saa za kufunga mtu hunywa maji, kahawa chungu au chai ya rangi isiyo na sukari, na saa za kula zikifika hula milo yake. Wengi huufuata ili kupunguza uzito, wengine ili kushusha sukari au presha. Kanuni zake hueleweka kwa dakika chache, lakini faida yake huja kwa miezi, na hapo katikati ndipo wengi hukwama. Kwa hiyo mpango mzuri husimama juu ya mambo mawili: saa zinazooana na maisha ya anayefunga, na wenzi wanaofunga pamoja naye.

Afrika Mashariki kufunga si jambo geni. Waislamu hufunga mwezi wa Ramadhani, na wapo wanaoongeza Jumatatu na Alhamisi, au tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Wakristo wa madhehebu mengi hufunga Kwaresima. Saumu hizo ni ibada. Zina nia na hukumu zake, na mchana wa Ramadhani hauna hata tone la maji. Kufunga kwa vipindi ni utaratibu wa afya, na maji ndani yake yanahimizwa. Hata hivyo Ramadhani inafundisha mambo mawili yanayofaa hapa. La kwanza ni kwamba mfungo wa zaidi kidogo ya saa 13, alfajiri hadi magharibi, unastahimilika kwa mamilioni ya watu kwa sababu nyumba nzima na mtaa mzima wanafunga. La pili ni kwamba saa peke yake hazipunguzi uzito: anayefuturu kwa kaimati, tambi za sukari na sambusa za mafuta, kisha akala daku nzito, anaweza kuumaliza mwezi akiwa amenenepa.

Yanayotokea mwilini

Baada ya mlo sukari hupanda katika damu, na kongosho hutoa insulini inayoiingiza kwenye chembe za mwili. Ziada huhifadhiwa kama glaikojeni katika misuli na ini; ini la mtu mzima hubeba takriban gramu 100. Mtu anapokaa bila kula, insulini hushuka na ini huanza kutoa akiba hiyo kidogo kidogo. Kadiri akiba inavyopungua, kwa kawaida baada ya saa 12 au zaidi, mwili huegemea zaidi mafuta yaliyohifadhiwa, na ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo ubongo huweza kuzitumia. Saa ya mabadiliko hayo hutofautiana kulingana na kilichokuwa kwenye mlo wa mwisho na kazi aliyofanya mtu.

Jambo jingine linalotajwa sana ni otofaji, yaani chembe ya mwili kuvunja na kutumia tena sehemu zake zilizochakaa. Mwanasayansi wa Japani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa kugundua jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa, na majaribio yake makuu aliyafanya kwenye hamira. Kutoka hapo hadi kudai kwamba saa 16 za kufunga humponya binadamu saratani au kisukari ni kuruka hatua nyingi. Anayeanza kufunga kwa ahadi ya namna hiyo huvunjika moyo upesi au, vibaya zaidi, huacha dawa zake.

Kuhusu uzito, ushahidi uko wazi zaidi. Mwaka 2022 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene uliopindukia waliofuatiliwa kwa miezi 12. Wote walipunguza kalori, na kundi moja lilitakiwa pia kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliobanwa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wenzao kilo 6.3, lakini kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuonyesha kwamba saa ziliongeza faida. Katika utafiti uliochapishwa miaka miwili kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia watu 116 kwa wiki 12. Waliokula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku, bila kuelekezwa wale nini, walipungua chini ya kilo moja kwa wastani, karibu sawa na waliokula milo mitatu kama kawaida. Ilionekana pia kwamba walioacha kula asubuhi walikuwa wamepoteza misuli pamoja na mafuta.

Maana yake kwa anayetaka kuanza ni hii: saa hazina muujiza. Zinasaidia kwa sababu zinaziba nafasi za kula ovyo, hasa vitafunwa vya usiku, na kwa sababu kutazama saa ni rahisi kuliko kuhesabu kalori. Anayepunguza chakula kwa jumla hupungua, na utaratibu bora ni ule anaoweza kuushika mwaka mzima.

Kuchagua saa

Utaratibu mwepesi ni wa saa 12 za kufunga na 12 za kula: mlo wa mwisho saa moja jioni, wa kwanza saa moja asubuhi. Kwa mtu aliyezoea kula hadi saa nne usiku, huo peke yake ni mabadiliko makubwa. Unaofuata ni wa saa 14 kwa 10, ambapo anayemaliza chakula saa moja jioni hufungua saa tatu asubuhi. Wa saa 16 kwa 8 ndio maarufu zaidi. Wengi huruka kifungua kinywa, wakala kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Wengine hula mapema, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Majaribio madogo yanaonyesha kwamba kula mapema hufaa zaidi kwa sukari ya damu, ila humnyima mtu chakula cha jioni pamoja na familia.

Njia nyingine hupangwa kwa wiki. Ile ya siku tano kwa mbili, iliyoenezwa na daktari na mtangazaji wa Uingereza Michael Mosley kwa filamu ya BBC ya mwaka 2012 na kitabu cha mwaka uliofuata, huacha siku tano za kula kawaida na siku mbili za kula kidogo, takriban kalori 500 kwa mwanamke na 600 kwa mwanamume. Ipo pia ya kufunga siku moja na kula siku inayofuata. Hii ni ngumu: katika utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2017, asilimia 38 ya waliopangiwa njia hiyo waliacha kabla ya mwaka kuisha, ikilinganishwa na asilimia 29 ya waliopunguza chakula kila siku, ilhali waliobaki katika makundi yote mawili walipungua karibu sawa.

Anayeanza hufaa kuanzia saa 12 na kukaa hapo wiki mbili, kisha kuongeza saa moja kila wiki hadi afike mahali ambapo njaa haimharibii kazi wala usingizi. Kwa wengi mahali hapo ni saa 14. Hesabu ianzie kwenye chakula cha jioni cha nyumbani, kwa kuwa ndicho kigumu kuhamisha. Fundi ujenzi au mbeba mizigo anayetumia nguvu tangu asubuhi asilazimishe kukaa hadi saa sita mchana. Dirisha la mapema, yaani saa za kula zinazoanza asubuhi, humfaa zaidi. Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku apange saa zake kufuata usingizi wake, na azishike hizo hizo kadiri zamu inavyoruhusu.

Wasiofaa kufunga, na wanaohitaji daktari kwanza

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua hawapaswi kufuata utaratibu huu. Vivyo hivyo wenye uzito pungufu, waliowahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au wa kula kupita kiasi na kujitapisha, na walio dhaifu kwa ugonjwa au umri. Mgonjwa wa kifua kikuu anahitaji kurudisha uzito, na mwenye selimundu anaweza kuamsha maumivu makali akipungukiwa maji.

Wenye kisukari wanahitaji tahadhari ya pekee. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi na gliklazaidi anaweza kushukiwa na sukari hadi kupoteza fahamu akiruka mlo bila dozi kurekebishwa. Mazungumzo na daktari yafanyike kabla ya siku ya kwanza, na kipimo cha sukari kiwe karibu. Mwongozo unaotumiwa kwa wagonjwa wa kisukari katika Ramadhani unafaa hapa pia: mfungo ukomeshwe mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Wanaotumia dawa za presha, hasa zinazoongeza mkojo, wanaweza kupata kizunguzungu presha ikishuka. Dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula ziendelee kumezwa hivyo, hata kama saa za kufunga zitapungua. Mwenye vidonda vya tumbo asikilize tumbo lake na daktari wake, wala asijaribu kuvitibu kwa njaa.

Kilicho kwenye sahani

Saa zikishapangwa, chakula ndicho huamua matokeo. Mlo wa kufungua uwe na protini na mboga kabla ya wanga: mayai mawili na mchicha, maharage, choroko au kunde, dagaa, samaki, maziwa mtindi. Ugali na wali vibaki, ila visijaze sahani. Robo ya sahani kwa wanga, robo kwa protini na nusu kwa mboga ni kipimo kinachoweza kufuatwa nyumbani, kwa mama lishe, hata kwenye shughuli. Protini ya kutosha na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, hata ya kuchuchumaa na kuinuka, huilinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Kinachoharibu kazi ya siku nzima mara nyingi ni vitu vidogo. Chupa ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban vijiko vinane au tisa vya chai. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni chakula. Ikinywewa katika saa za kufunga, mfungo umekatika. Chipsi mayai ya saa mbili usiku, ikiliwa kwa hoja kwamba dirisha bado liko wazi, hurudisha kalori zote zilizookolewa asubuhi. Maji yanywewe siku nzima, na zaidi kwa wakazi wa pwani wakati wa joto.

Kwa nini wenzi

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Rena Wing na Robert Jeffery walichapisha matokeo ya programu ya kupunguza uzito ya miezi minne iliyokuwa na watu 166. Baadhi walijiunga peke yao, wengine pamoja na marafiki au jamaa watatu. Kati ya waliojiunga peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida, asilimia 76 walimaliza. Kati ya waliokuja na wenzao na kufundishwa jinsi ya kusaidiana, asilimia 95 walimaliza. Ilipofika mwezi wa 10, waliokuwa wamelinda kikamilifu uzito waliopunguza walikuwa asilimia 24 katika kundi la kwanza na asilimia 66 katika la pili. Utafiti huo haukuhusu kufunga kwa vipindi, lakini tatizo ni lile lile: kuendelea baada ya hamasa ya mwanzo kuisha.

Wenzi hufanya kazi tatu ambazo mtu peke yake hawezi kujifanyia vizuri. Humkumbusha saa anapotaka kusahau. Humpa njia ambazo wameshazijaribu katika mazingira yale yale ya kazi, mtaa na jiko. Na humwona anapobadilika: mwenye kupungua kupita kiasi, au anayeanza kuogopa chakula, hugunduliwa na wenzake kabla hajajigundua mwenyewe.

Kuunda kikundi

Watu wanne hadi wanane wanatosha. Wakizidi hapo, wengine hukaa kimya. Wakipungua, safari ya mmoja huvunja mkutano. Ni vizuri wawe na maisha yanayofanana kwa kiasi, kama vile wafanyakazi wa ofisi moja, majirani, waumini wa msikiti au kanisa moja, au wanachama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambao tayari wamezoea kukutana kwa siku maalumu, kuweka daftari na kuheshimu zamu ya kusema. Kabla ya wiki ya kwanza kila mmoja apimwe uzito, kiuno, presha na sukari katika kituo cha afya, na aseme kama anatumia dawa.

Mkutano wa wiki usizidi saa moja. Mizani ikae chumba cha pembeni, kila mtu ajipime akiwa peke yake au na katibu wa kikundi tu, na namba iandikwe kwenye daftari lake mwenyewe. Kisha kila mmoja aeleze siku iliyomshinda na siku iliyokwenda vizuri. Tuseme mmoja anasema kila Alhamisi foleni ya magari ya Mbagala, Dar es Salaam, humfikisha nyumbani saa mbili usiku, na ndugu wanamsubiri mezani. Kumwambia ajitahidi hakumsaidii. Kikundi kinachojua kazi yake kinakaa naye kwenye hesabu: akila saa mbili usiku, saa 14 zinaisha saa nne asubuhi, basi Ijumaa abebe mayai na viazi vitamu, afungulie kazini. Tatizo linageuka kuwa mpango, na mwenzake mwenye foleni hiyo hiyo anauchukua.

Kati ya mikutano, kundi la WhatsApp husaidia zaidi jioni. Njaa ya saa tatu usiku mara nyingi ni mazoea, huja kwa wimbi na kupita, na ujumbe wa mwenzake anayekunywa chai ya tangawizi wakati huo huo hutosha kumvusha mtu. Picha za sahani zisaidie kufundishana. Zisiwe za kushindana. Anayekaa siku mbili bila kusikika apigiwe simu, aulizwe hali kabla ya kuulizwa saa.

Kanuni chache zinalinda kikundi. Namba za mizani ni siri. Mwili wa mtu hautaniwi, wala kwa utani wa mapenzi. Hakuna mwanachama anayebadilisha dawa za mwenzake. Hakuna biashara ya vidonge, chai za kupunguza tumbo au unga wa virutubisho ndani ya kikundi, kwa sababu muuzaji hawezi kuwa mshauri huru. Faini ya kuchelewa mkutano inaweza kuwekwa, lakini faini ya kufungua kabla ya saa ni hatari: anayeiogopa ataficha kizunguzungu. Kila mwanachama awe na haki ya kula wakati wowote mwili unapomtuma, bila kujieleza. Mashindano ya nani kafunga saa nyingi zaidi yakatazwe tangu siku ya kwanza, kwa kuwa huwasukuma watu kwenye mifungo mirefu isiyo na usimamizi.

Nyumbani na kwenye shughuli

Kikundi hakiwezi kuchukua nafasi ya watu wa nyumbani. Anayepika ajulishwe mapema, ili chakula cha jioni kisogezwe hata kwa nusu saa, au sahani ya anayefunga ifunikwe hadi kesho. Mwenye nyumba asiwafungishe watoto au wazee ili kurahisisha ratiba yake.

Kwenye ugeni, ambako kukataa chakula huonekana kama kumdharau mwenyeji, haitakiwi kubishana. Mgeni anaweza kupokea maji au chai ya rangi, kunawa na kuonja kidogo, kisha kuhesabu upya saa zake kuanzia hapo. Kwa harusi, msiba au sikukuu, wenzi wapange pamoja siku tatu kabla: siku hiyo ifungwe saa 12 tu, na kesho yake ratiba irejee bila kufidia. Kufidia kwa kufunga saa 24 baada ya karamu ndiko kunakozaa mzunguko wa kujinyima na kula kupita kiasi.

Wiki za mwanzo na kupima maendeleo

Katika wiki mbili za kwanza wengi hupata kichwa kuuma, hasira za karibu, uchovu au kukosa choo. Maji, mboga na usingizi hupunguza mengi ya hayo, na anayepunguza kahawa au sukari apunguze polepole. Dalili nyingine hazivumiliwi: kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuona giza, kuchanganyikiwa. Hizo ni amri ya kula kitu chenye sukari mara moja na kumweleza daktari. Mwenye homa, malaria au kuhara aache kufunga hadi apone.

Uzito upimwe mara moja kwa wiki, siku na saa ile ile. Kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji, kwa hiyo zisishangiliwe sana, wala kusimama kwa uzito wiki ya tano kusihesabiwe kushindwa. Kiuno kipimwe kwa futi kamba usawa wa kitovu kila mwezi, kwa sababu kitambi huweza kupungua hata mizani ikikaa pale pale. Kupungua asilimia tano ya uzito katika miezi sita, yaani kilo nne na nusu kwa mwenye kilo 90, kunatosha kusaidia presha na sukari.

Baada ya miezi mitatu kila mwanachama arudi kituo cha afya kwa vipimo vile vile, na kikundi kikae kutathmini. Ambaye vipimo vyake vimetengemaa, analala vizuri na hana vita na chakula, aendelee. Ambaye uzito haukusogea atazame sahani yake kabla ya kuongeza saa. Ambaye mawazo yake yote yamekuwa ya chakula, au hedhi yake imevurugika, au anakula kwa pupa dirisha likifunguka, aache utaratibu huu na kurudi kwenye milo mitatu ya kiasi, huku akibaki ndani ya kikundi. Wenzi walikusanyika kwa ajili ya afya, na zipo njia nyingine za kuifikia ambazo kikundi hicho hicho kinaweza kuzisimamia.